Risasi ya Karibu Hulengwa Nyumbani

BUNDUKI NA PORI: Sehemu ya 3

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza safari ya risasi tangu inapotoka mdomoni mwa mtutu, na namna mwindaji anavyooanisha jicho lake, alama ya nyuma, alama ya mbele na mnyama aliyesimama mita mia moja au zaidi. Msomaji makini atakuwa amejiuliza: mnyama akiibuka kichakani hatua tano kutoka nilipo, muda wa kuoanisha vitu vinne hivyo nitaupata wapi? Jibu ni kwamba hutaupata. Kwa hiyo leo tuzungumzie ulengaji usiotumia alama: unavyofanya kazi, unapofaa, na mahali ambapo kuutumia ni kosa.

Nianze na kisa kinachojulikana sana miongoni mwa wawindaji, nacho kina uhusiano na ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Tarehe 11 Aprili 1930, katika vilima vya Kumaon kaskazini mwa India, Jim Corbett alikuwa akiteremka kwenye korongo. Alikuwa akimsaka simbamarara jike wa Chowgarh. Kwa hesabu ya serikali, jike huyo na mwanawe aliyekwisha kukua walikuwa wameua watu 64. Mkono wa kushoto wa Corbett ulikuwa umeshika mayai ya mpasuasanda aliyoyaokota njiani, kwani alipenda kukusanya mayai ya ndege. Mkono wa kulia ulikuwa na bunduki nyepesi ya .275 iliyotengenezwa na John Rigby wa London, mtutu ukiwa umelala mshazari mbele ya kifua chake. Alipolipita jiwe moja kubwa, bapa, akageuza shingo kutazama nyuma juu ya bega la kulia, na macho yake yakakutana na macho ya simbamarara. Baina yao palikuwa na futi 8 hivi, yaani kama mita mbili na nusu.

Bunduki hakuipandisha begani, wala hakutafuta alama yoyote. Kwa mkono ule mmoja, polepole mno, aliuzungusha mtutu karibu robo tatu ya duara huku mnyama akimkodolea macho, hadi mtutu ulipoelekea mwilini mwake. Hapo akafyatua, na simbamarara hakuinuka tena. Mayai hayakuvunjika, akayarudisha kiotani.

Baadaye Corbett alieleza kwamba mayai yale yalichangia kumwokoa. Mikono yote miwili ingekuwa huru, angeizungusha bunduki kwa haraka, na haraka hiyo ingemfanya mnyama aruke. Uwezo wa kuizungusha kwa mkono mmoja nao ulitokana na wepesi wa bunduki yenyewe.

Mwaka 1947 Corbett alihamia Kenya. Aliishi Nyeri, akafia huko mwaka 1955, na kaburi lake liko huko huko mpaka leo. Ukipita Nyeri, fahamu kwamba chini ya udongo ule amelala mtu aliyepiga risasi ambayo wawindaji wameijadili kwa zaidi ya miaka tisini. Swali linalonishughulisha leo ni hili: mkono wake ulijuaje mahali pa kuuelekeza mtutu?

Kwa nini alama zinashindwa karibu

Alama za kulengea ni kipimo. Ya mbele iko juu ya mdomo wa mtutu, ya nyuma iko karibu na chemba, na kazi yake ni kumwonyesha mpigaji kama mtutu umeinama, umeinuka au umekwenda upande. Anayepiga kwa umbali wa mita mia moja hana budi kuwa na kipimo hicho, maana kosa dogo mkononi hugeuka kuwa kosa kubwa kwa mnyama.

Tatizo lake ni jicho. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ukiitazama alama ya mbele hadi ikaonekana sawasawa, mnyama atakuwa kivuli. Ukimtazama mnyama, alama itakuwa ukungu. Mshika mbili moja humponyoka. Kwenye uwanja wa shabaha tunafundishwa kuchagua alama ya mbele, kwa sababu ubao haukimbii. Lakini kumwambia mtu ayahamishe macho kutoka kwa nyati anayemjia na kuyaweka kwenye kijiti cha chuma ni kumwambia apigane na maumbile yake. Macho yatakataa, na mtu huyo hataiona alama wala hatamwona mnyama vizuri.

Tatizo la pili ni muda. Nyati anayeshambulia anaweza kukimbia kilomita 50 kwa saa, ambayo ni kama mita 14 kila sekunde. Akitokea mita 20 kutoka ulipo, una sekunde moja na nusu tu. Takriban robo ya sekunde inaliwa na ubongo kutambua kilichotokea kabla kiungo hakijaanza kusogea. Kinachobaki kinatosha kupandisha bunduki na kufyatua mara moja. Hakitoshi kupandisha, kutafuta alama ya nyuma, kuingiza ya mbele ndani yake, kumtafuta mnyama, kusahihisha, halafu kufyatua.

Wenye darubini juu ya bunduki wana shida zaidi. Darubini iliyowekwa kwenye ukuzaji mkubwa, ukimtazama nayo mnyama aliye hatua nane, hukuonyesha manyoya matupu, usijue kama ni bega au paja. Ndiyo maana mwindaji mzoefu anapoingia kwenye kichaka kinene huishusha darubini hadi ukuzaji mdogo kabisa, au huivua.

Hesabu inayosamehe

Ulengaji bila alama unawezekana kwa sababu ya hesabu ya pembe, na hesabu hiyo ndiyo inayouwekea mpaka. Tuseme mtutu umekosea kwa digrii moja tu. Kwa kila mita ambayo risasi inasafiri, kosa hilo linaongezeka kwa karibu sentimita moja na robo tatu. Kwa mita mbili na nusu, umbali wa Corbett na simbamarara wake, kosa ni kama sentimita nne na nusu, ambazo ni upana wa vidole viwili au vitatu. Kwa mita 5 ni sentimita 9. Kwa mita 10 ni sentimita 17 na nusu. Kwa mita 20 ni sentimita 35, na kwa mita 50 ni karibu sentimita 90.

Zitazame tarakimu hizo pamoja na mwili wa mnyama. Mtu aliyefundisha mikono yake vizuri anaweza kukosea digrii moja au mbili anapopiga bila alama. Mita tano au sita, kosa hilo bado linaiacha risasi mahali panapoweza kumwangusha mnyama mkubwa. Mita ishirini tayari ni bahati nasibu. Mita hamsini ni dhambi, kwa sababu risasi inaweza kupasua tumbo au mguu, na mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso ya siku nyingi.

Corbett alipiga kwa mkono mmoja huku mwili wake ukitazama upande mwingine. Huenda alikosea digrii kadhaa. Kwa umbali ule, digrii tatu ni kama sentimita 13, na kifua cha simbamarara ni kipana kuliko hapo. Kisa chake hakionyeshi muujiza wowote. Kinaonyesha mtu aliyejua umbali gani unasamehe na umbali gani hausamehe.

Jambo jingine la hesabu husahauliwa na wengi. Mstari wa macho na mstari wa mtutu si kitu kimoja. Katikati ya darubini huwa juu ya mtutu kwa takriban sentimita 4. Bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa mita mia moja, ikipigwa mita tano kwa kufuata msalaba wa darubini, risasi itagonga karibu sentimita 4 chini ya pale msalaba ulipo. Si kasoro ya bunduki. Ni kwamba risasi bado haijapata nafasi ya kupanda hadi kwenye mstari wa macho. Anayelenga kitu kidogo kwa karibu, kama ubongo wa mnyama, lazima alijue hilo kabla hajatoka kambini.

Mwili unajua kunyooshea

Watoto wetu wanaijua elimu hii kabla ya kuijua bunduki. Mtazame mtoto mwenye manati chini ya mwembe. Manati haina alama. Ina panda, mipira miwili na kipande cha ngozi. Mtoto anamkazia macho ndege, anavuta, anaachia. Siku za mwanzo jiwe linapita mbali. Baada ya msimu mmoja wa maembe jiwe linakwenda linakotakiwa, na ukimuuliza alilengaje, atakuambia alimtazama tu ndege. Anasema kweli. Kinachotokea ni kwamba mikono yake imejifunza kufuata macho bila yeye kuiamrisha.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hufanya hivyo hivyo kwa upinde. Upinde wao hauna kipande chochote cha kulengea. Mvulana hupewa upinde mdogo angali mtoto, akapiga ndege na panya, na mkono wake ukakua pamoja na upinde. Akifikia kumwinda swala au nyani, uzi, mkono na jicho vimekwisha kuwa kitu kimoja.

Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Chagua kitu kidogo kilicho mbali kidogo, labda kitasa cha mlango au msumari ukutani. Kitazame kwa macho yote mawili. Sasa, bila kuutazama mkono wako, inua kidole cha shahada haraka ukinyooshee. Angalia: kidole kimefika karibu kabisa na mahali ulipotaka, wala hukukipima. Hisia hiyo ya kujua viungo viko wapi bila kuvitazama ndiyo inayokupeleka kijiko mdomoni gizani. Mpigaji asiyetumia alama huitumia hisia hiyo hiyo, ila badala ya kidole ananyoosha mtutu. Ndiyo maana walimu wengi humwambia mwanafunzi auache mkono wa mbele ushike bunduki mbali kidogo, na kidole cha shahada cha mkono huo kinyooke sambamba na mtutu. Kidole kinakuwa kinaonyesha, na mtutu unakifuata.

Mwaka 1967, jeshi la Marekani lililokuwa likipigana katika misitu ya Vietnam lilianza kuwafundisha askari wake mbinu iliyopewa jina la Quick Kill. Askari walipewa bunduki ndogo za upepo zisizo na alama, wakapiga vijisahani vilivyorushwa hewani. Vijana wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwahi kuwinda, waliweza kuvigonga baada ya mazoezi ya muda mfupi. Mbinu ile ilikusudiwa kwa vita, lakini inatuthibitishia jambo la msingi: uwezo wa kunyooshea upo kwa karibu kila mtu, na unahitaji kuzoezwa tu.

Kitako hugeuka kuwa alama

Hapo tumefika kwenye kiini, maana si kila bunduki inanyooshea. Ile isiyolingana na mwili wa mwenyewe hupeleka risasi upande mwingine hata mwenyewe akitazama vizuri. Anayepiga bila alama anabadilisha alama ya nyuma kwa kitu kimoja, nacho ni jicho lake mwenyewe, lililokaa mahali palepale kila bunduki inapopanda. Jicho hilo hukaa sawa kwa sababu shavu limekaa sawa juu ya kitako.

Kitako kikiwa kirefu mno, kitanasa kwenye nguo ya kwapani wakati unakipandisha, na sekunde moja imepotea. Kikiwa kifupi, kidole gumba kitakugonga pua risasi inapolia. Sehemu ya juu ya kitako, pale shavu linapokaa, ikiwa chini mno, jicho litashuka na risasi itakwenda chini. Ikiwa juu mno, utaona mtutu mwingi na risasi itapita juu. Mafundi wa bunduki wa London walimpima mteja urefu wa mkono, shingo na uso kama fundi cherehani anavyopima suti, wakakipinda kitako kidogo kulia au kushoto ili mtutu ukae mbele ya jicho. Sisi tusio na fundi wa namna hiyo tunaweza kumwendea seremala hodari akakate kitako kirefu, au tukaongeza ngozi nyuma ya kitako kifupi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya risasi zitakazopotea.

Kuna kosa moja ambalo nalijua kwa kulitenda. Nilipokuwa najifunza, niliwekewa ubao hatua nane, nikaambiwa nipige mara tu utakapogeuka. Risasi mbili za kwanza zilipita juu ya ubao. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakuniuliza nililenga wapi. Aliniuliza shavu langu lilikuwa wapi. Lilikuwa hewani. Nilipouona ubao unageuka, niliinua kichwa nione vizuri zaidi, jicho likapanda na mtutu ukapanda nalo. Karibu kila mtu anayepiga kwa haraka hukosea kwa kupita juu, na mara nyingi sababu ni hiyo. Bunduki ndiyo inayoletwa usoni. Uso hauendi kuifuata bunduki, wala hauiachi mpaka risasi ilie.

Jicho lipi ni bwana

Kabla hujaanza mazoezi, lijue jicho lako linaloongoza. Nyoosha mikono yote miwili mbele, uunganishe viganja ili kibaki kitundu kidogo katikati. Kupitia kitundu hicho, kitazame kitasa kile cha mlango kwa macho yote mawili. Funga jicho la kushoto. Kitasa kikiendelea kuonekana, jicho la kulia ndilo bwana. Kikitoweka, bwana ni la kushoto.

Watu wengi jicho na mkono wao ni upande mmoja. Lakini wapo wanaotumia mkono wa kulia na jicho lao bwana ni la kushoto. Anayelenga kwa alama anaweza kulifumba jicho moja na shida ikaisha. Anayelenga bila alama anahitaji macho yote mawili yawe wazi, ili apime umbali na aone kinachotokea pembeni, na jicho la kushoto likitawala litauvuta mtutu kushoto. Mtu wa aina hii ajifunze kupiga kwa bega la kushoto angali mgeni wa bunduki. Samaki mkunje angali mbichi.

Mazoezi ya chumbani

Mazoezi haya hayahitaji baruti wala safari ya porini. Kwanza, risasi zote ziondoke chumbani, zikae chumba kingine. Fungua chemba, itazame, halafu ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Funga mlango ili mtoto au mgeni asiingie. Chagua ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, ubandike karatasi nyeupe yenye doa jeusi lenye ukubwa wa sarafu.

Simama hatua sita kutoka ukutani, mguu wa kushoto mbele kidogo kwa anayetumia mkono wa kulia, uzito wa mwili ukiegemea mbele. Shika bunduki kifuani, mtutu ukielekea chini mbele. Likazie macho doa. Sasa funga macho, pandisha bunduki mpaka kitako kikae begani na shavu juu yake, kisha fungua macho bila kusogeza chochote. Tazama sasa kwenye alama zako. Zitakuambia ukweli: mtutu umeelekea wapi. Ukiona umekwenda kushoto kila mara, sogeza mguu. Ukiona umepanda, angalia shavu lako na sehemu ya juu ya kitako. Rudia mara ishirini, polepole. Usiongeze kasi mpaka alama zikukute kwenye doa mara tisa katika kumi.

Utagundua kwamba katika mafunzo haya alama hazikutupwa. Zimegeuka kuwa mwalimu anayesahihisha daftari baada ya mwanafunzi kuandika. Siku ya porini mwalimu hayupo, lakini mkono unakumbuka.

Jambo la kusisitiza ni macho yakaze wapi. Usiitazame karatasi yote, tazama doa. Porini usimtazame nyati, tazama sehemu moja ya nyati: tundu la pua, au mkunjo wa ngozi juu ya bega. Anayetazama mnyama mzima humpiga mnyama mzima, yaani popote. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo hasa, na alikuwa akiizoesha bunduki yake mkononi mara kwa mara bila kufyatua risasi. Bunduki aliyoipenda ilitumia risasi ya aina ile ile ya .275 kama ya Corbett, ndogo mno kwa macho ya wenzake. Udogo wake haukumdhuru kwa sababu alijua anapotaka iende.

Mipaka isiyovukwa

Yote niliyoeleza ni elimu ya dharura. Mwindaji bingwa anayemlinda mgeni wake, askari wa wanyamapori anayemfuata nyati aliyejeruhiwa karibu na mashamba ya watu, mwanakijiji mwenye gobori lililosajiliwa anayekutana na chui mlangoni pa zizi: hao ndio inaowahusu. Magobori mengi yaliyotengenezwa na wahunzi wetu hayana alama ya nyuma kabisa, na wenyewe wamekuwa wakiyanyooshea kama tulivyoeleza, kwa umbali mfupi. Haiwahusu wanaoingia porini bila kibali. Huko Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na hapa Tanzania sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni. Ustadi wa mkono hauhalalishi kitu ambacho sheria imekikataza.

Hata kwa mwenye haki, yapo mambo matatu ya kuzingatia. Mnyama aliyesimama kwa utulivu, hata akiwa hatua kumi, analengwa kwa alama, kwa sababu muda upo na heshima yake inataka afe bila mateso. Mnyama aliye zaidi ya hatua kumi na tano hapigwi bila alama, hata kama anakimbia kuja, isipokuwa umekwisha kuwa na ustadi uliothibitishwa uwanjani. La tatu ndilo zito kuliko yote: jua nyuma ya mnyama yuko nani. Mtu aliyejazwa hofu huona kitu kimoja tu, na wafuata nyayo, wabeba mizigo na mwenzako wanaweza kuwa kwenye mstari ule ule. Kabla hamjaingia kichakani, kubalianeni nani anasimama wapi na nani hasogei. Makubaliano hayo ni sehemu ya kulenga.

Mwaka 1930 Corbett alikuwa na umri wa miaka 54. Utotoni, katika misitu ya vilima vya Kumaon, alianza na manati, akaenda kwenye upinde wa kurushia vigololi vya udongo, kisha upinde wa mshale, kisha gobori kuukuu la mitutu miwili ambalo mtutu wake mmoja ulikuwa umepasuka na kitako kimefungwa kwa waya. Manati na pinde hizo hazikuwa na alama. Siku ile ya Chowgarh, mkono uliozungusha mtutu ulikuwa umezoea kunyooshea kwa miaka arobaini na zaidi. Katika sekunde zile mkono haukujifunza jambo jipya. Ulirudia tu kitu ulichokizoea.

Kwa hiyo, msomaji mwenye bunduki na kibali, usiisubiri siku utakapomkuta nyati kichakani. Leo usiku risasi zikae chumba kingine, mlango ufungwe, na doa dogo jeusi liwekwe ukutani. Funga macho, pandisha bunduki, fungua macho. Unachokiona hapo ndicho mnyama atakachokiona siku ikifika.

Katika sehemu ya 4 tutaeleza jinsi ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa: kusoma damu, majani na nyayo, na kwa nini mwindaji husubiri kabla ya kumfuata.